Uso wa Kijana, Magoti ya Mzee: Jinsi The Irishman Ilivyowapunguza Umri Waigizaji Wake

Watu wakianza kubishana kuhusu The Irishman, filamu ya Martin Scorsese ya 2019, mwisho wa yote wanarudi kwenye tukio lile la muuza duka. Frank Sheeran, baba ambaye bado yuko kwenye umri wa nguvu, anamtoa mtu dukani kwa sababu alimsukuma binti yake, anamwangusha barabarani, anampiga mateke, kisha anamkanyaga mkono ukingoni mwa lami. Uso ni wa mtu anayeweza kufanya hayo yote. Mguu sasa! Unapanda nusu, unashuka taratibu, na kabla teke halijafika kiwiliwili kimeshaanza kutafuta pa kujishikiza. Kamera imekaa mbali, mwili wote unaonekana, na hakuna popote pa kumficha mzee aliyevuka miaka 70.

Wengi walilitumia tukio hilo kusema teknolojia ilishindwa. Mimi naona walilaumu kitu ambacho hakikuwa na kosa. Kazi iliyofanywa usoni ni miongoni mwa kazi safi za aina yake. Iliyofeli pale ni sehemu ambayo mitambo haikutengenezwa kuishughulikia.

Tuanze na hesabu ya umri. Robert De Niro alizaliwa Agosti 1943, Joe Pesci Februari mwaka huohuo, Al Pacino Aprili 1940. Martin Scorsese alianza kupiga picha Septemba 2017 na kumaliza Machi 2018. Kwa hiyo De Niro alikuwa na miaka 74 akimwigiza Sheeran, mtu anayeonekana kuanzia vitani Italia, akiwa na miaka ishirini na kitu, hadi kwenye nyumba ya wazee akiwa amepita 80. Sheeran halisi alizaliwa 1920 na kufariki 2003. Alikuwa kiongozi wa tawi la chama cha madereva wa malori, Teamsters, huko Wilmington, Delaware, na mtu wa karibu wa Russell Bufalino, bosi wa mafia wa Pennsylvania. Alimsimulia mwandishi Charles Brandt kwamba ndiye aliyemuua Jimmy Hoffa, aliyewahi kuwa rais wa Teamsters, aliyetoweka Julai 30, 1975 karibu na Detroit. Kitabu cha Brandt kilitoka 2004. Maiti ya Hoffa haijapatikana, na damu iliyochukuliwa kwenye nyumba ambayo Sheeran aliitaja ilipopimwa haikuwa ya Hoffa. Wanaofuatilia kesi hiyo wengi hawamwamini. Filamu inamwacha mzee aseme yake.

Sasa, kumzeesha mtu ni kazi ya vipodozi na watu wameizoea: unaongeza mpira laini juu ya ngozi, unaongeza mikunjo, unachora madoa ya uzee, unavalisha wigi la mvi. Kumrudisha ujanani ni kupunguza, na hakuna kipodozi kinachopunguza nyama. Nyama ya shavu iliyoshuka imeshashuka. Ndiyo maana filamu hii ilitumia njia mbili kwa mtu mmoja: Frank wa nyumba ya wazee ni kazi ya mafundi wa vipodozi, na Frank wa miaka ya 1950 ni kazi ya kompyuta.

Wazo lilitoka kwa Pablo Helman wa Industrial Light & Magic (ILM), kampuni ya kutengeneza picha za kompyuta kwa ajili ya filamu, mwaka 2015, wakati yeye na Scorsese wakiwa Taiwan kwa filamu nyingine. Wakafanya jaribio: De Niro akarudia tukio la Cadillac ya waridi kutoka Goodfellas ya 1990, na timu ikamrudisha kwenye umri aliokuwa nao wakati ule. Walichagua vizuri, maana kila mtu alikuwa na picha halisi ya kulinganisha. Jaribio lilifanikiwa. Studio ya Paramount baadaye ilijiondoa, Netflix ikaichukua filamu mwaka 2017.

Sharti la waigizaji ndilo lililozaa mtambo. Kwa kawaida, ukitaka kompyuta ifuate uso wa mtu, unampaka vidoti usoni na kumvalisha kofia yenye kamera ndogo inayoning'inia mbele ya pua. De Niro, Pacino na Pesci hawakutaka hayo. Walitaka kuigiza wakitazamana, kwenye seti, chini ya taa za tukio lenyewe. Kwa hiyo Helman na mpigapicha mkuu Rodrigo Prieto wakatengeneza mtambo wa kamera tatu kwenye kishikizo kimoja. Katikati ilikaa RED Helium, ndiyo inayopiga picha utakayoiona. Kushoto na kulia zikakaa ARRI Alexa Mini mbili zilizobadilishwa ili zione mwanga wa infraredi. Taa za infraredi zilimulika nyuso kutoka upande wa kamera. Jicho la mtu haliuoni mwanga huo, na kamera ya katikati nayo haiuoni.

Faida ya mpango huu inahitaji kuelezwa polepole. Prieto anapenda vivuli: nusu ya uso gizani, taa moja ya meza, moshi wa sigara. Kwa mtazamaji ni raha, kwa kompyuta ni adhabu, kwa sababu sehemu iliyo gizani haina taarifa yoyote ya umbo. Infraredi inajaza giza hilo bila kuharibu picha kuu. Kamera mbili za pembeni zinaona uso uliomulikwa sawasawa kutoka pembe mbili, na ya katikati inaongeza ya tatu. Ukiwa na pembe tatu unaweza kukokotoa kila nukta ya ngozi iko umbali gani, fremu kwa fremu. Jambo moja tu: shata za kamera zote, yaani vizibo vinavyoruhusu mwanga kuingia, lazima zifunguke kwa wakati mmoja. Zikipishana kidogo tu na mtu akigeuza kichwa haraka, nukta moja inasomwa mahali pawili, na uso unaotengenezwa unakuwa kama umepinda.

Gharama yake kwenye seti haikuwa ndogo. Mtambo ulipaswa kupita mlangoni, kupanda kreni na kutembea na mpigapicha. Na waigizaji wawili waliopunguzwa umri wakizungumza, huku kila mmoja akipigwa kwa mtambo wake, tayari una kamera sita. Wakiwa na mitambo mitatu ni tisa. Fikiria mtaa wa New York uliopambwa kwa magari ya 1960, halafu utafute pa kuficha kamera tisa zisionane.

Baada ya seti kazi ilihamia kwenye programu yao iitwayo Flux. Kabla ya hapo nyuso za waigizaji zilikuwa zimeshapimwa kwa skana, umbo na ngozi, na seti zilipimwa kwa leza pamoja na kurekodiwa mwanga wake. Flux ilichukua picha za kamera tatu na kutafuta uso wa kidijitali unaolingana nazo kwa umbo na kwa mwanga. Zao la kwanza, na hapa wengi huteleza, ni De Niro wa miaka 74 wa kidijitali, anayefanya kila kitu alichofanya De Niro wa nyama. Huyo akishakubalika ndipo mwendo wake unahamishiwa kwenye modeli ya kijana. Ukiruka hatua ya mzee wa kidijitali, hutajua kama tabasamu limepotea kwenye kunasa au kwenye kuhamisha.

Kuhamisha ndiko kunakokula miezi. Shavu la mzee lina nyama iliyoshuka, kwa hiyo akitabasamu mikunjo mingi inajikusanya pembeni mwa mdomo na macho. Shavu la kijana limejaa, haliwezi kujikunja hivyo. Ukinakili mwendo ule ule, kijana anaonekana kama amevaa barakoa. Ukiupunguza sana, uigizaji unakufa. Scorsese mwenyewe alisema hadharani mwaka 2019, kabla filamu haijatoka, kwamba alichohofia ni macho: ukiondoa makunyanzi yanayoyazunguka, je, jicho bado linasema lile alilolipenda siku ya kupiga? Kwa hiyo shoti nyingi zilirudishiwa mikunjo kiasi. Frank wa miaka ya 1950 ana uso mzito kuliko vijana wa rika lake, na hilo ni uamuzi. Helman alieleza kwamba hawakuwa wakimtengeneza De Niro wa filamu zake za ujanani. Walikuwa wakimtengeneza Sheeran kijana, mtu mpana aliyerudi vitani, tena mwenye macho ya bluu. Ukikaa kuitazama ukimsubiri yule dereva wa teksi wa Taxi Driver ya mwaka 1976 utavunjika moyo, na kosa halitakuwa la ILM.

Walikuwa pia na programu ya kukagua, Facefinder. Waliikusanyia maelfu ya picha za waigizaji hao kutoka filamu zao za zamani. Ukiwa na fremu iliyokamilika, programu inatafuta kwenye akiba picha halisi zenye pembe na mwanga unaofanana, ili msanii aone kama amepotea njia. Haikuchora kitu chochote kwenye filamu. Wengi huichanganya na dipufeki, yaani video ambayo akili mnemba imebandika uso mwingine, lakini kazi yake ilikuwa ya mkaguzi tu. Shoti zilizofanyiwa kazi zilikuwa kama 1,750 kwenye filamu ya dakika 209.

Kuna kipengele kingine ambacho watu hawakijadili sana, nacho ni rangi. Matukio ya mtambo wa kamera tatu ilibidi yapigwe kidijitali, lakini yasiyohitaji kupunguza umri yalipigwa kwa filamu ya 35 mm. Mahali aina hizo mbili zinapoungana pasingefichika penyewe. Prieto alitengeneza mwonekano kwa kila enzi: miaka ya 1950 inafuata rangi za filamu ya Kodachrome, ya 1960 za Ektachrome, na kuendelea mbele rangi zinafifia kwa mtindo wa kubakiza madini ya fedha kwenye nakala ya filamu, weusi unakuwa mkavu na ngozi inapauka. Mwonekano huo uliwekwa kwenye picha za aina zote mbili, za kidijitali na za filamu, pamoja na chembechembe zinazoonekana kwenye filamu. Chembechembe hizo zina msaada mkubwa kwa ngozi ya kompyuta. Ngozi safi kupita kiasi ndiyo inayomshtua mtazamaji kwanza, hata kama hawezi kusema kilichomshtua ni nini.

Turudi kwenye magoti. Waigizaji walikuwa na mkufunzi wa mwili, Gary Tacon, aliyekuwa akiwakumbusha umri wa mhusika katika kila tukio: hapa una miaka 40 na kitu, usishike mkono wa kiti unapoinuka. Ilisaidia kwenye matukio ya kukaa na kusimama. Haikutosha kwenye mapigano. Mzee anajitambulisha kwa mambo ambayo mtu hayaamui: hatua fupi zenye miguu iliyoachana, shingo iliyotangulia mbele, kugeuza kiwiliwili kizima badala ya kichwa peke yake, na ile nusu sekunde kati ya kuamua na kutenda. Ongeza kwamba Sheeran halisi alikuwa na urefu wa karibu sentimita 193 na De Niro alivalishwa viatu vilivyoinuliwa ili amkaribie. Mtu wa miaka 74 juu ya soli nene hapigi teke la kijana, hata umfundishe mwezi mzima.

Njia za kuliokoa tukio kama hilo zinajulikana. Mwigizaji mbadala mwenye mabega yaleyale anapiga teke kwa mgongo, na uso unawekwa pale tu anapogeuka. Au unapiga kuanzia kiunoni kwenda juu, mguu unausikia kwa sauti. Au unakata katikati ya mwendo, teke linaanza kwenye shoti moja na kufika kwenye nyingine. Au unapiga kwa fremu 22 kwa sekunde na kuonyesha kwa 24: mwendo unaongezeka kasi kama asilimia 9, mtazamaji hagundui, mradi hakuna anayezungumza. Scorsese alichagua shoti pana, inayotazama tu kama shahidi aliyesimama ng'ambo ya barabara, na naielewa sababu yake: binti anatazama kutoka umbali huohuo. Ila uchaguzi huo uliudai mwili kitu ambacho mwili haukuwa nacho. Kwingineko filamu inajificha kwa ustadi: makoti mazito, kola zilizofungwa hadi juu zinazoziba shingo, watu waliokaa kwenye magari na meza za mikahawa. Ndiyo maana mazungumzo ya Frank na Russell, uso kwa uso juu ya mkate na divai, hayana mahali unapoweza kunyooshea kidole.

Miezi michache baada ya filamu kutoka, watu wakaweka YouTube matoleo yao ya dipufeki na kusema yanaishinda kazi ya mamilioni ya dola. Kwenye simu, kweli, mengine yanavutia. Sababu ni mbili. Kwanza, dipufeki inamrudisha De Niro tunayemkumbuka, na kumbukumbu inashangilia. Pili, skrini ndogo inaficha. Programu nyingi za wakati ule zilifanya kazi na uso wa pikseli 256 kwa 256 au zaidi kidogo. Kwenye fremu ya 4K, uso wa karibu unaweza kuwa na urefu wa pikseli zaidi ya 1,000. Ukiukuza mara nne unapata ngozi laini isiyo na vitundu. Isitoshe, uso ukigeuka upande, picha za mafunzo zinakuwa chache na pua inaanza kucheza. Hata hivyo ILM wenyewe walisogea upande huo. Kwenye Indiana Jones ya 2023 walichanganya modeli za 3D na mitambo ya kujifunza kutoka picha za zamani za Harrison Ford, na filamu ya Robert Zemeckis ya 2024 ilimpunguza umri Tom Hanks kwa njia ya akili mnemba.

Kwa mhariri mwenye kompyuta moja na programu kama DaVinci Resolve au After Effects, njia ya ILM haifikiki, lakini ipo ya zamani zaidi: kufanya kazi juu ya picha yenyewe, bila modeli ya 3D. Studio ya Lola iliitumia kwenye X-Men ya 2006 kuwarudisha ujanani Patrick Stewart na Ian McKellen, na bado inafanya kazi vizuri.

Kazi huanza kwenye seti. Piga 4K, biti 10 za rangi, mfumo wa log (picha iliyofifia inayohifadhi taarifa nyingi za mwanga). Lenzi kati ya 50 na 85 mm. Lenzi pana inakuza pua, na pua ni kiungo cha uzee, huendelea kurefuka kama masikio. Taa kubwa laini, juu kidogo ya lenzi, na upande wa kivuli usizidi kupungua stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Mwanga wa pembeni unafanya kila mkunjo utupe kivuli, na kila kivuli ni saa zako za usiku. Wigi likiwepo, tumia mkanda wa kuvuta ngozi ya paji na mashavu chini yake. Kila milimita iliyovutwa hapo hutailipia baadaye.

Chagua shoti kabla ya kugusa chochote. Tukio la dakika tatu ni fremu 4,320. Shoti nane za karibu za sekunde nne kila moja ni fremu 768. Fanya hizo, zingine ziwe za mgongo, za mbali au za msikilizaji.

Ondoa chembechembe kwanza, kisha ufanye trakingi ya uso, yaani kompyuta ifuate mwendo wake, kwa vipande: paji, kila shavu peke yake, pua, kidevu, shingo. Ukitumia trakingi moja kwa uso mzima, marekebisho ya shavu yataelea mtu akizungumza, kwa sababu paji halisogei pamoja na taya. Halafu tenganisha picha kuwa tabaka mbili: la chini lililotiwa ukungu, lenye vivuli na rangi, na la juu lenye vitundu na mistari midogo. Kwa uso unaojaza skrini ya 4K anza na ukungu wa pikseli 12 hadi 20. Kwenye tabaka la chini pandisha mwanga wa mifuko ya macho na mkunjo unaotoka puani hadi mdomoni, kwa asilimia 30 hadi 60. Usifike 100, hata mtoto ana mkunjo huo akicheka. Kwenye tabaka la juu futa mistari mirefu lakini acha vitundu vyote. Anayeipaka ngozi nzima ukungu anapata mwanasesere wa dirishani, na hilo ndilo kosa linaloonekana kwenye video nyingi za mitandaoni.

Umbo linafuata: inua pembe za taya, inua ncha ya pua pikseli chache, punguza masikio kwa asilimia 3 hadi 5, jaza kidogo katikati ya mashavu, ongeza unene wa midomo. Weupe wa macho uondolewe unjano, usifanywe mweupe kama karatasi. Usiisahau shingo, na mikono kama inaingia kwenye fremu. Rudisha chembechembe mwishoni, juu ya picha nzima na si juu ya uso peke yake, ndipo upeleke kwenye kazi ya rangi.

Kagua kwenye televisheni kubwa kwanza, simu baadaye. Geuza picha kushoto kulia uione kwa jicho jipya, kisha icheze kwa nusu kasi bila sauti. Sikiliza pia maneno yenyewe: kwenye p, b na m midomo hufungana, na kwenye p na b mashavu hujaa hewa kwa fremu mbili tatu, na hapo trakingi ya shavu huteleza mara nyingi kuliko mahali pengine. Ukiona ngozi inaruka kwenye "baba" au "pole", irekebishe trakingi kuanzia fremu mbili kabla midomo haijafungana, si pale inapofunguka.